Mashine Isiyojua Salamu

Jumatatu, 6 Julai 2009

Nimerudi Misima salama, alhamdulillahi. Leo tuliitwa Korogwe, sisi wajumbe wa kamati ya kijiji, kumsaidia Sadala, kijana wa kompyuta, atengeneze mashine ya kupokea meseji za wananchi. Kitachimbwa kisima kimoja tu, na vitongoji viwili vinakitaka: Songambele kwetu, na Kwedigongo kwa wafugaji. Kila mwenye simu atume anapopataka. Nimeipenda hiyo — mkutanoni akina mama tukinyoosha mkono, wazee wanaangalia juu.

Sadala alikuwa na wasiwasi. Majina ya vitongoji kila mtu ataandika kivyake, mashine itachanganyikiwa. Nikamwambia, basi mwanangu, isome herufi ya kwanza tu. S au K. Akapiga meza: "Mama Mhina, wewe ungekuwa injinia!"

Mzee Athuman, mwenyekiti wetu, kanitania njia nzima ya kurudi. Injinia shika mzigo, injinia sogea.

Alhamisi, 9 Julai

Meseji zinamiminika. Songambele tunaongoza, tena mbali. Jirani yangu Tatu keshachagua atakapoanika nguo, pale pale kisimani. Mimi bado sijatuma, vidole vizito. Ila baada ya adhuhuri nimemshukuru Mungu. Bomba letu kuukuu linatoa maji likijisikia.

Ijumaa, 10 Julai

Nashilu wa Kwedigongo kapita na punda wake wa maji. Ndiye anayeniletea maziwa, tumezoeana. Leo kanuna. Kanipa simu yake: "Mama Mhina, hii mashine yenu ina masikio mabovu."

Alichotuma: *Sopai. Tunaomba kisima Kwedigongo, maji yako mbali.*

Alichojibiwa: *Asante. Umechagua Songambele.*

Nikacheka. Halafu kicheko kikakatika. Sopai ya Kimasai. Salaam aleikum. Shikamoo. Nani huku kwetu anaomba kitu kabla ya kusalimia? Zote S! Tumehesabu adabu za watu. Na herufi ya kwanza nilishauri mimi.

Nikamweleza Tatu. "Nyamaza, shoga," kasema, "Mungu katupa." Mungu gani wa kutupa maji ya Nashilu? Nimeswali magharibi, nikaazimia kesho nimwone mwenyekiti.

Jumamosi, 11 Julai

Sadala anakuja asubuhi hii kutangaza matokeo mbele ya kijiji. Nimemfuata Mzee Athuman baada ya alfajiri. Kanisikiliza, kakuna kichwa. "Injinia, kasimame useme mwenyewe. Mimi ni wa Songambele, wataning'oa."

Nikaona bora nimwahi Sadala kwa meseji, aibu ipungue. Nimeandika kwa kidole kimoja, chai ikapoa: *Salaam aleikum mwanangu. Usitangaze kwanza. Mashine inahesabu salamu. Meseji zisomwe upya zote, na mtu mwenye macho.* Nikatuma. Simu ikalia papo hapo. Nikasema, kijana msikivu huyu.

*Asante. Umechagua Songambele.*

Kumbe nimeituma kwa namba ya mashine! Nimecheka mpaka machozi, peke yangu jikoni kama mwehu. Hata kutubu kwangu kumekuwa S.

Gari linapiga honi huko ofisi ya kijiji. Tatu keshaanza vigelegele. Ushungi nimefunga, kiatu kimoja sikipati. Nakwenda hivi hivi. Na nikisimama leo sisalimii mtu, nitaanza na Kwedigongo —