Mabeseni ya Mama Shantel

Rhonda, Nakuru
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa dada Milcah,

Pokea salamu zetu zote, za moto kama chai. Natumaini zimekukuta mzima, wewe na yule mwenzako wa chumbani anayekoroma, na kwamba joto la Doha limeanza kupungua. Mgongo je? Bado unakusumbua ukitoka kazini? Huku sisi tu wazima. Mvua inanyesha karibu kila jioni, na Mama kule Njoro magoti yamemtulia kiasi cha kufukuza kuku wa jirani mwenyewe.

Barua hii nimempa Kimberly, binti wa jirani yetu, anayekuja kufanya kazi huko huko kwenu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Unalia, laini inakatika, halafu unatuma ujumbe kwamba umefuta likizo yako ya Desemba ili ufanye kazi utuokoe. Sasa keti, dada. Hapa huwezi kunikatiza.

Najua habari umezipata kwa shangazi Cheptanui. Mambo aliyokuambia ni ya kweli, ila maana aliyoyapa ni yake. Kweli tulihama ile nyumba ya Section 58. Kweli gari tuliuza. Kweli Weldon wangu aliacha udereva wa lori na sasa anatengeneza majiko hapa mlangoni, na mimi natembea kwa miguu hadi shuleni nikibeba githeri ya mahindi na maharagwe kwenye ile hotpoti ya bluu uliyotuletea na chakula siku ya kutuaga. Ambalo shangazi hakukuambia ni kwamba hakuna aliyetufukuza popote.

Wewe ulikuwepo, unajua nilivyokuwa nimeolewa na simu. “Niko Mai Mahiu, nakunywa chai. Nikifika Malaba nitakupigia.” Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya ndoa. Pesa zilikuja, ndiyo, lakini kodi na mafuta ya gari na yale makochi ya kushindana na majirani yalizimeza zote, naye akarudi barabarani kuzitafuta upya. Basi tukakubaliana tupunguze maisha mpaka mshahara wangu na majiko yake yatutoshe, ili mtu alale kwake. Kila mtu hujikuna ajipatapo, na sisi mikono yetu imetufikisha hapa Rhonda.

Macho ya watu hayana pazia, lakini. Shuleni walimu wenzangu wameshanibatiza Mama Bajeti. Wakiagiza chipsi na kuku mimi nafungua hotpoti yangu, na kuna mmoja huuliza kila siku kama nimefunga. Mwanzoni nilikuwa naeleza. Siku hizi namwambia ndiyo, nimefunga, aniombee, halafu naendelea kula. Maswali yamepungua.

Kilichonishinda ni kina mama wa kanisa. Walimwona Weldon akianika nguo saa za kazi, wakaniona na viatu vilivyotiwa viraka kwa fundi, wakakaa kikao bila mimi. Jumamosi moja mwezi uliopita nikasikia wimbo mlangoni. Kufungua, ni Mama Shantel, mwenyekiti wao, na wenzake watano, kila mmoja na beseni kichwani limefunikwa leso. Unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni. Hata blanketi, dada.

Waliingia, wakajibana kwenye viti na kitanda, na Mama Shantel akaomba Mungu aitoe nyumba hii shimoni. Aliomba kwa bidii. Nilifungua jicho moja nikamwona Weldon amesimama na mwiko mkononi, anauma mdomo asicheke. Mimi sikuwa na kicheko. Nilikasirika, sitakuficha, machozi yakanijia, nao wakadhani maombi yamenigusa. Nilitaka kuwarudishia vitu vyao pale pale.

Lakini sisi tulilelewa na Mama. Mgeni hakemewi kabla hajanywa chai. Wakanywa, wakala viazi vya Weldon, wakaongeza. Walipomaliza ndipo nikasema, “Mama Shantel, asanteni sana. Lakini hatujaanguka. Tumeshuka wenyewe, polepole, tukiangalia tunapokanyaga.”

Nikachukua mabeseni nikaenda nyuma ya nyumba, kwa sababu chombo cha mtu hakirudi kitupu, hilo Mama alitufundisha kwa kofi. Huko nyuma tuna magunia ya udongo tuliyopanda sukuma wiki, vitunguu na managu, na kuku ambao hawajui kama sisi ni maskini. Beseni moja nikalijaza mboga, lingine mayai, lingine malenge, mpaka yakaisha yote sita. Vitu vyao sikuvirudisha, ningewavunjia heshima. Tulivipeleka kesho yake, sisi na wao, kwa bibi mmoja hapa karibu aliyeunguliwa na nyumba.

Kina mama wengine walikuwa wameshafika barabarani na mabeseni yao kichwani. Mama Shantel akabaki mlangoni, akanishika mkono. Nilidhani ataomba msamaha. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Na huyu wako ulimwambia nini ndio akubali kukaa? Wangu akikuja nyumbani, mtoto anamsalimia kama mgeni. Anamwambia, shikamoo, mzee.”

Nilimkaribisha aje tena, bila beseni. Amekuja mara mbili.

Sasa nirudi kwako. Neno lile la mtoto wake limenikaa rohoni, kwa sababu juzi nilimwonyesha mwanangu Kiplimo picha yako. Unakumbuka alivyokuwa akilala mgongoni kwako? Aliitazama sana, akaniuliza huyu shangazi mkubwa ni nani. Nikamwambia ni mama yako mkubwa. Akasema, aaah, yule wa simu.

Usitutumie kitu, dada. Irudishe likizo yako, na hizo pesa za kutuokoa kata nazo tikiti. Mama hasemi, lakini chumba chako kule Njoro ameshakipaka rangi. Nakukosa, na hilo haliwezi kutumwa kwa simu.

Weldon anakusalimu, anasema jiko lako liko tayari. Shangazi Cheptanui nitamsalimu mwenyewe, najua pa kumpata. Wasalimie Kipketer na wenzako wengine wote wa kazini. Mungu akulinde njiani na kazini, na akulete.

Na ile hotpoti ya bluu ni yako. Sikuwahi kukurudishia, na Kimberly simpi. Njoo uichukue kwa mkono wako. Unajua haitakuwa tupu.

Mimi mdogo wako, ambaye kwa kukupenda tu habani matumizi,

Winrose