Aliyesuka Gurudumu la Nyuma

Council Grove, Kansas
9 Februari 2019

Mjomba Einar,

Shikamoo. Natumaini goti lako limeelewana na baridi ya Wisconsin, na theluji haijakufungia mlango. Mimi mzima, ila mikono inanuka ng'ombe. Msimu wa kuzaa umeanza, na daktari wa mifugo katika vilima hivi ni mimi peke yangu.

Nimekwama, ndiyo maana naandika. Simu najua huisikii, na hata ukiisikia unajifanya hujaisikia. Nimejiandikisha kwenye mbio za baiskeli za Juni, kilomita mia tatu na ishirini za barabara ya changarawe. Mawe ya huku ni visu, Mjomba. Magurudumu niliyonunua dukani, yale ya kaboni ya kujionyesha, yamekatika spoku tatu tangu Oktoba, zote za nyuma. Fundi wa hapa anabadilisha moja, wiki inayofuata inakatika jirani yake. Nina kilo themanini na nne, sioni haya kuzitaja. Nataka unisukie magurudumu kwa mkono wako, kama yale uliyomsukia baba.

Maswali yangu: kaboni au alumini? Spoku ngapi? Na kwa nini zinakatika za nyuma tu?

Mama usinitajie. Miaka sita umeniheshimu katika hilo, nashukuru.

Mpwa wako,
Tove

---

Viroqua, Wisconsin
18 Februari 2019

Tove,

Marahaba, mwanangu. Goti linanung'unika lakini linatembea. Theluji imefika kwenye kingo za dirisha, kahawa ipo, jibini ipo, sina la kudai.

Nianze na swali lako la mwisho, ndilo lenye akili. Nyuma ndiko unakokalia, na ndiko cheni inakovuta. Halafu gia zimechukua nafasi yote ya kulia, kwa hiyo spoku za upande huo zimesimama karibu wima na zimekazwa sana. Za kushoto zimeinama, zimekazwa kama nusu tu. Kila ukigonga jiwe, zile za kushoto zinalegea kidogo halafu zinavutwa tena, mara elfu kwa siku. Chuma huchoka, Tove. Huchokea kwenye kiwiko, pale spoku inapoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Na fundi anayebadilisha iliyokatika bila kupima mkazo wa zilizobaki anakuongezea siku tu.

Kaboni nzuri naisuka, sina ugomvi nayo. Lakini ringi ya alumini ikipigwa na jiwe kwenye kilomita ya mia mbili, itapinda na utafika. Ya kaboni ikipasuka, utatembea. Spoku thelathini na mbili kila gurudumu, zikipishana mara tatu, na nati za shaba, si zile nyepesi zinazoliwa na chumvi.

Sasa maswali yangu mimi. Tairi lako lina upana gani? Ukipanda kilima unasimama au unakaa? Na baiskeli unaiosha kwa mpira wa maji ya kasi wa kuoshea zizi? Usinidanganye.

Mjomba wako,
Einar

---

Council Grove
2 Machi 2019

Mjomba,

Shikamoo, na pole na goti. Haraka haraka, kuna ndama anakuja vibaya.

Tairi milimita arobaini na tano. Nasimama, tena navuta usukani kama namng'oa mtu jino. Na ndiyo, naiosha kwa mpira wa zizi. Umejuaje?

Tove

---

Viroqua
29 Machi 2019

Tove mpwa wangu,

U mzima? Ndama alitoka?

Haya, magurudumu ndiyo haya ndani ya boksi. Soma kabla hujapanda. Yapeleke kilomita mia moja na hamsini, kisha yatazame. Zungusha kila moja karibu na pedi za breki za baiskeli yako ya zamani au chochote kilichosimama imara, uone kama linayumba. Shika spoku mbilimbili, uzibane kwa kiganja, ukizunguka gurudumu zima. Iliyolegea utaijua kama unavyomjua ng'ombe anayechechemea. Ukikuta imelegea, usiikaze kwa hasira. Robo ya mzunguko, basi, halafu tazama tena.

Mpira wa zizi ukome. Maji ya kasi yanaingia kwenye beringi na kufukuza grisi. Ndoo, kitambaa, sabuni.

Kila mwaka gurudumu la nyuma nirudishie nilitazame.

Mjomba wako,
Einar

---

Council Grove
14 Aprili 2019

Mjomba,

Shikamoo. Ndama alitoka, na mama yake pia yuko salama. Wenye mashamba wanachoma nyasi wiki hii, vilima vyote vinafuka moshi, nami nakohoa kama trekta.

Magurudumu! Nimeyapeleka kilomita mia nne, nikayazungusha, nikayabana kama ulivyosema. Hayajasogea. Niliazima hata kipimo cha mkazo kwa fundi wa hapa, yule yule unayemdharau. Alipima spoku za kulia moja moja, akavua kofia. Anasema hajawahi kuona mkazo unaolingana hivi.

Ila kuna mambo mawili yananiwasha. Magurudumu ya baba niliyaangalia tangu utoto. Ukichungulia kwenye tundu la valvu ulikuwa unasoma nembo ya habu, imekutazama sawasawa. Uliniambia ndiyo saini yako. Kwenye haya, nembo imeelekea pembeni, haina habari nami. Pili, gurudumu la nyuma lina spoku nyembamba upande wa kushoto na nene upande wa kulia. Wewe uliyekuwa ukisema anayechanganya unene ni mpishi, si fundi!

Umebadilika lini?

Mpwa wako,
Tove

---

Viroqua
22 Aprili 2019

Tove,

Marahaba. Moshi ni mbaya kwa kifua, funga madirisha.

Mzee naye anaruhusiwa kujifunza. Nembo nilisahau. Endesha baiskeli yako.

Einar

---

Council Grove
12 Mei 2019

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Jana tairi la nyuma lilikuwa likivuja pole pole. Nikalivua, nikabandua ule utepe unaoziba matundu ndani ya ringi, nibandike mpya. Chini yake kuna maandishi ya kalamu ya wino mzito: 27/3. Si zaidi. Tarehe ya kusukwa, nadhani.

Saba ile ina mstari katikati na mkia uliopindia ndani. Mjomba, nimeiona saba hiyo kwenye kila karatasi iliyobandikwa kwenye friji ya nyumbani kwetu. Nimeiona kwenye daftari zangu, kwa wino mwekundu, miaka kumi na miwili.

Nani alisuka gurudumu hili?

Usinijibu kwa mistari miwili.

Tove

---

Viroqua
19 Mei 2019

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba utaisoma mpaka mwisho kabla hujaitupa.

Mama yako ndiye aliyelisuka. La mbele pia.

Vidole vyangu vimekwisha, Tove. Baridi yabisi. Tangu mwaka juzi spana ya spoku inaniponyoka kama sabuni. Oktoba, mama yako Ragna alikuja kunisaidia kuingiza kuni, akae wiki moja. Hajaondoka. Alikuwa anavuta kigoda karakanani anaangalia, na unamjua, mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini hawezi kuangalia tu. Siku moja akaniambia, "Einar, kwa nini za kushoto zina unene uleule na za kulia?"

Nikamwambia, "Kwa sababu ndivyo zinavyosukwa."

"Hilo si jibu. Hiyo ni tabia."

Akachukua penseli. Spoku nyembamba hurefuka zaidi kwa mkazo uleule, akasema, kwa hiyo jiwe likiibonyeza ringi haitalegea kabisa, na nati yake haitajifungua. Nilimkasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikasuka moja nikaipima. Alikuwa sahihi.

Barua yako ilipofika nilimwambia kuna mteja wa Kansas, kilo themanini na nne. Sikutaja jina. Aliweka penseli chini, halafu akauliza, "Anasimama akipanda kilima?" Ndipo nikakuuliza. Lile swali lilikuwa lake.

Gurudumu la nyuma alilifumua mara tatu. Mimi nililiona zuri tangu mara ya kwanza. Nembo nilimwambia, akasema nembo ni pambo.

Nilikudanganya. Nilidhani ukilijua hutalipanda, na lile ndilo gurudumu bora lililopata kutoka kwenye karakana hii. Kunikasirikia una haki.

Mjomba wako,
Einar

---

Council Grove
12 Juni 2019

Mama,

Shikamoo.

Barua ya Mjomba niliiweka juu ya kabati wiki tatu. Magurudumu niliyavua nikarudisha yale ya dukani. Ijumaa, siku moja kabla ya mbio, spoku ya nne ikakatika nikiwa nje ya zahanati yangu, barabara ya lami, bila jiwe hata moja. Nikacheka peke yangu kama mwehu, nikarudisha ya kwako.

Nilimaliza. Saa kumi na tano na dakika kumi. Kilomita ya mia mbili na arobaini kuna mteremko ambako watu kumi na mmoja walikuwa wamekaa pembeni na matairi mikononi. Mimi nilipita nikisikia mawe yanagonga ringi, nikingojea kitu kikatike. Hakikukatika. Jana nimelizungusha. Haliyumbi.

Nina maswali mawili tu. La kwanza: nyuma umeweka spoku nene kulia, lakini mbele nene ziko kushoto. Kwa nini?

La pili: miaka sita iliyopita baba alikufa Alhamisi. Ulinipigia simu Quebec Jumamosi, nimeshamaliza hatua ya mwisho, nina maua mkononi. Ulisema hukutaka kuniharibia mashindano. Nani alikuomba?

Tove

---

Viroqua
3 Julai 2019

Tove,

Sijui nina haki ya salamu gani. Nauliza tu: unalala? Unakula?

Nimeandika barua hii mara nne.

Swali la kwanza. Breki ya mbele iko kushoto. Diski yake inachukua nafasi kwenye habu upande huo, kama gia zinavyochukua kulia kwa nyuma. Kwa hiyo mbele, upande unaosimama wima na kubeba mkazo mkubwa ni wa kushoto. Einar anasema ungetulia kidogo ungelijibu mwenyewe.

Swali la pili. Hakuna aliyeniomba. Baba yako hakusema lolote juu ya mashindano, hakuwa na pumzi ya kusema. Na mimi sikufanya vile kwa ajili ya mashindano. Nilikuambia hivyo kwenye simu kwa sababu ndiyo sababu iliyokuwa karibu, ikasikika kama upendo, nami nikaing'ang'ania.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilipiga hoteli yenu. Mwanamke akapokea kwa Kifaransa. Nikakata. Nilipiga mara nne siku ile, na mara ya mwisho walisema wewe uko pale ukumbini, unakula, tukuitie? Nikasikia watu wanacheka nyuma yake. Nikasema hapana, asante.

Nyumba nzima ilikuwa imeshajua. Daktari, mchungaji, Einar, majirani waliokuja na vyungu vya chakula. Mtu mmoja tu duniani alikuwa bado ana baba, na mtu huyo alikuwa wewe. Nilipokufikiria, Dale wangu alikuwa bado hai mahali fulani. Sikuweza kumaliza hilo kwa mdomo wangu. Nilikuibia siku mbili ili mimi niwe nazo.

Hilo ndilo jibu. Si zuri, ila limehesabiwa sawasawa, nimelipitia mara nyingi.

Nakaa chumba cha juu. Einar anakusalimu. Goti lake limepona kwa kuwa sasa kazi nafanya mimi.

Ragna,
mama yako

---

Council Grove
10 Julai 2019

Mama,

Shikamoo. Nalala. Nakula, ila nikiwa nimesimama.

Barua yako niliisoma garini nje ya zizi la mtu, na mwenye zizi alikuja kugonga kioo mara mbili kuuliza kama ninaumwa. Nilimwambia nasoma. Akasema, "Basi maliza, ng'ombe atasubiri."

Sijui kama nimekusamehe. Nimejipapasa, sijapata jibu. Nilichokipata ni maswali, na hayaishi.

Alhamisi ile aliamka saa ngapi? Alikunywa kahawa? Dirisha lake lilikuwa wazi au limefungwa? Mlizungumza nini mara ya mwisho, hata kama ni jambo la kipuuzi? Baada ya hapo ulikaa wapi, kwenye kiti kipi? Ijumaa nani alikulisha? Ulilala?

Mimi Alhamisi nilikuwa napanda mlima, mvua inanyesha, nikimtania msichana wa Trois-Rivières kwamba anaendesha kama bibi yake. Ijumaa nilianguka, nikachubuka kiwiko, nikala keki mbili. Siku zile mbili nimezichukia miaka sita, sijawahi kumsimulia mtu. Nitakuandikia zote, saa kwa saa.

Nawe niandikie zako. Anza asubuhi. Usiruke kitu.

Mwanao,
Tove