Mfalme Aliyeshindwa Kuinua Mkono

Chumba cha nyuma ya karakana,
Kwetu (ndiyo, kwetu!),
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko? Magoti yamepoa? Sisi wazima, na mimi nimezidi uzima: nina mume, Shangazi! Kila asubuhi nakuta vumbi la mbao kwenye mto wake, nalibusu. Usicheke.

Sasa kaa vizuri nikupe habari za mdogo wako, Baba Mdogo. Unamkumbuka Binti Mhunzi wa hadithi zako? Kafungiwa ngomeni, wote wanahangaika na komeo, yeye anang'oa bawaba kwa nyundo na kuondoka na mlango mgongoni. Wasichana wote wa nyumba ile tuligombania kuwa yeye. Basi utakumbuka pia Baba Mdogo aliponikuta namwigiza uani: mkono ulivyopanda, ulivyotua shavuni mwangu, nawe ukaambiwa unafuga majike dume. Hukusimulia tena. Mimi sikusahau.

Chiriku, binti yake wa mwisho, alimpata Binti Mhunzi kwangu, kidogo kidogo, nikimpima magauni. Akaipeleka hadithi shuleni, wakatunga mchezo wa siku ya wazazi, na yeye ndiye Binti Mhunzi. Baba yake ni mwenyekiti wa wazazi. Kusikia tu, akageuza mwisho: aje mfalme amfungulie. Mfalme nani? Yeye mwenyewe! Akamwambia mtoto, "Wewe kazi yako ni kulia vizuri." Chiriku alikaa karibu na cherehani yangu hasemi neno, na kwa kawaida yule mtoto hanyamazi hata akila. Shavu langu la zamani likaanza kuwaka.

Joho la mfalme nikapewa mimi. Nikalishona, Shangazi! Nakshi kifuani, pindo linaburura. Makwapa tu ndiyo niliyabana, mkono usivuke bega. Alipolijaribu alijitazama kiooni kashika kiuno, akaridhika.

Mume wangu alikuwa akitengeneza mlango wa ngome kwa mbao nyepesi. Akalitazama joho, akanitazama mimi. Akatoa penseli sikioni, akapandisha komeo juu zaidi, na pini za bawaba akazilegeza. Wengine huletewa maua. Mimi nilipandishiwa komeo! Nikampenda upya palepale.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mlango katikati ya jukwaa, Chiriku upande huu analia, mfalme upande ule. "Usiogope, binti, nimefika!" Akainua mkono. Ukagoma begani. Akajaribu wa pili. Akasimama kwa vidole vya miguu, jasho linamtoka.

"Mfalme ana jipu kwapani!" mama mmoja akapiga kelele nyuma.

"Mleteeni kigoda!" akadakia mwingine. Watu wakavunjika mbavu.

Chiriku akaacha kulia. Akaokota nyundo iliyowekwa pale kama pambo, akasema, "Mfalme, sogea, usije ukaangukiwa." Ko! Ko! Pini zikaruka. Akaubeba mlango mgongoni, akampita baba yake bila kumtupia jicho. Wasichana walipanda juu ya viti wakimshangilia. Mimi nililia, na fundi wangu akanipangusa kwa mkono wenye gundi. Kope zangu kadhaa anazo yeye.

Sasa mchezo unakwenda shule ya jirani, na mwalimu mkuu kasema mwisho ubaki wa Chiriku. Juzi Baba Mdogo kaniletea joho. "Linabana," akasema, akitazama sakafu. Nikamjibu, "Pole, Baba Mdogo. Nilidhani mkono wenyewe umechoka, maana enzi zetu ulipanda sana." Akalitazama shavu langu. Tamu hiyo, Shangazi, tamu kama fungate!

Usimwonee huruma. Makwapa nimeyafungua. Sasa ataweza kuinua mkono hadi darini akitaka, ila mchezoni hauna kazi tena. Amebakiwa na kazi moja: kusogea.

Nisalimie wanao wote, na yule bibi jirani yako mpenda umbea, msomee barua hii kwa sauti. Chiriku anauliza Binti Mhunzi alikwenda wapi na ule mlango. Nimemwambia ajuaye ni wewe, na hakuna wa kukuzuia tena. Mungu akulinde, akupe pumzi ndefu ya kusimulia.

Wako akupendaye, sasa mke wa mtu,
Mwanao wa cherehani.