Finjani Niliyoinywa Kabla ya Jibu

Mpendwa Bi Nuzha wa redioni, nisaidie kabla sijalitoboa zulia la mke wangu kwa kutembea, maana tangu Ijumaa ile situlii, nikikaa miguu inanitoka, nikisimama nasahau nimesimamia nini, na anayeniandikia barua hii ni mkwe wangu Khitam kwa sababu mimi shule niliipita kwa nje nikiswaga mbuzi, na nimemwambia asipunguze neno, akipunguza nitajua.

Mimi ni Abu Mijhim wa Karak. Ukisema hujanisikia nitakusamehe, labda redio yenu haina madirisha. Hapa kwetu hakuna kijana aliyeoa bila ulimi wangu kumtangulia. Niliwahi kupatanisha koo mbili zilizokuwa zikigombania kisima mpaka kisima chenyewe kikaona haya, kikajaa. Niliwahi kumwombea posa jamaa mwenye jicho moja na meno ya kuazima, nikasema, nikasema, baba wa binti akalia, akauliza kama huyo bwana ana mdogo wake, kwa sababu ana binti mwingine. Huyo ndiye mimi. Na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kama nina akili au sina, kwani nani hujiuliza kama ana kisogo?

Sasa mjukuu wangu Hazza akataka kuoa binti ya Haji Falah wa kule chini ya ngome. Wanawake walishayazungumza yakaiva, ilibaki sisi wanaume kwenda kuombana mbele za watu ili ionekane tumeombana. Kazi hiyo mimi naifanya huku nasinzia. Lakini wiki hiyo akaja Muwaffaq, mtoto wa kaka yangu, daktari, si wa sindano, wa vitabu, anafundisha chuo huko Amman, tukakaa tunapasua mbegu za tikiti, likazuka la akili. Jirani yetu kinyozi akasema akili ni kutoibiwa sokoni. Mke wangu akasema, "Akili ni kujua kunyamaza, ndiyo maana humu ndani ninayo peke yangu." Muwaffaq akacheka, akasema, "Ami, siku hizi akili inapimwa," akanishikisha simu ina vimraba na vipembetatu, ati niseme umbo gani linafuata.

Nikamwambia, "Mlete aliyeyachora, yeye ndiye anajua."

"Jibu tu, ami, usiogope."

"Niogope kimraba, mimi?"

Nikajibu. Simu ikazungukazunguka, ikasema niko chini ya wastani. Mke wangu akapiga vigelegele, majirani wakadhani tumepata mtoto.

Nilicheka kuliko wote, Bi Nuzha. Lakini tangu hapo nikaanza kujisikia nikisema. Nasema "umeamkaje" najiuliza, hivi mwenye akili angesema hivi? Natia mguu kwenye kiatu najitazama ninavyoutia. Muwaffaq akaniambia nifurahi, huko ndiko kujitafakari, watu wa kisasa wanalipia wafundishwe. Nikamwambia mimi akili hiyo nimepewa bure na siitaki, aichukue arudi nayo Amman.

Ijumaa ikafika. Tumevaa majoho, tumejaa sebuleni kwa Haji Falah, dele la kahawa likapita, finjani ikawekwa mbele yangu. Wewe ni mtu wa nchi hii, unajua finjani hiyo haiguswi. Inakaa inapoa, mimi naomba, na kahawa hatuinywi mpaka mwenye nyumba aseme, "Kunyweni, mlichokifuata mmekipata." Nikasimama, nikasifu, nikashuka vizuri kama maji ya bonde, na hapo katikati nikaisikia sauti yangu, nikajiuliza, hili neno ni la mtu wa chini ya wastani? Koo likakauka. Na mkono wangu, mkono wenye adabu kuliko mwenyewe, ukaenda ukachukua finjani nikainywa. Yote. Tena nikaitikisa, kuonyesha nimetosheka!

Haji Falah akasema taratibu, "Abu Mijhim, kahawa imeshuka?"

"Imeshuka, Haji."

"Basi kumbe mlikuja kutusalimia. Tumefurahi. Tusalimieni na nyumbani."

Watu wake wakavunjika mbavu. Muwaffaq akatoa simu asome hotuba aliyoandikiwa na mashine, Haji Falah akamwambia, "Hiyo nayo ipe kahawa ikanywe." Tukatoka tumeinamisha vilemba.

Sasa hakuna anayekwenda kwa mwenzake. Wetu wanasema Haji angefumba macho. Wake wanasema tulikunywa kama vile binti yao tulishamtia mfukoni. Na nasikia binamu wa binti, yule wa Zarqa, ameanza kuwapelekea sinia za kunafa, ile tamutamu ya jibini na shira, na mtu hatoi kunafa Zarqa mpaka Karak kwa ajili ya kuulizia afya. Muwaffaq anataka safari hii aongoze yeye na ile hotuba yake, sasa kaichapa kwenye karatasi. Watu wanasema mzee kaisha. Nimwachie? Au niende? Na hii akili inayonitazama siku nzima, inanyamazishwaje?

Mimi, Abu Mijhim, ambaye hata ngome ya Karak inanisalimu.

*

Abu Mijhim, nimekusoma nikacheka, pole. Kisha nikakasirika, na hapo sikupi pole.

Simu ilikupima vimraba. Ungekuwa unakwenda kuposa mraba, ungekuwa na haki ya kukosa usingizi. Na usijisingizie kujitafakari. Anayejitafakari anauliza amewafanyia nini wenzake. Wewe ulikuwa unauliza unaonekanaje, na hiyo ni kazi ya kioo cha kinyozi.

Barua yako ninayo hapa. Kisima kimo. Jicho moja limo. Hata meno ya kuazima yamo. Hazza? "Akataka kuoa," basi, umemwacha hapohapo. Anakula? Anaongea na wewe? Hujui, au hukuona kama ni habari. Na binti hana hata jina. Usiniambie ni heshima, mimi nimezaliwa Madaba, heshima naijua. Msichana yule alikuwa nyuma ya mlango Ijumaa ile, anasikia wanaume wanacheka, na kinachochekwa ni posa yake. Wewe umekaa wiki nzima unahesabu akili zako.

Muwaffaq asiende. Aliyeharibu ndiye atengeneze, karatasi haiombi radhi. Lakini usipeleke umati. Chukua wazee wawili wa rika lako, tena wale wasiocheka utani wako. Kabla ya hapo mkalishe Hazza, mwombe radhi bila hadithi. Kisha nenda, leo hii alasiri, usingoje Ijumaa, Zarqa si mbali.

Ukifika, kahawa itawekwa. Usisimulie kisima. Sema, "Haji, siku ile nilijifikiria mimi nikamsahau binti yako. Leo nimekuja kwa ajili yake." Halafu ngoja. Atakutania, utani huo ameulea tangu Ijumaa, mwache aumalize wote, wala usimrudishie hata kama jibu zuri limekujia, na najua litakujia. Mtazame usoni yeye, mtazame na kijana anayepitisha chai. Ukiwa na mtu mwingine wa kumtazama, hutapata nafasi ya kujitazama.

Na koo likikauka, baba, meza mate.

Bi Nuzha