Shikamoo Iliyovunja Kimya

Mama yangu,

Shikamoo. Leo unaweza kuitikia, maana nakuandikia nikiwa jikoni kwetu Cheyo, si kanisani.

Tangu tukuzike, kanisa limekuwa soko. Waliokuwa wakimeza kikohozi kwa kukuogopa sasa wanakohoa hata wasioumwa. Mama Kulwa anatafuna karanga wakati wa mahubiri. Juzi simu ya kijana mmoja ililia wakati wa mageuzo, padri ameinua hostia, muziki wa singeli tupu, naye akaipokea kabisa: "Oya, niko misani, nakucheki baadaye." Ungekuwepo, tungezika wawili: yeye kwa jicho lako, wewe kwa hasira.

Halmashauri ya parokia ikanipa kile kitambaa chako cha begani, nisimamie kimya badala yako. Ati nijaribiwe hadi Pasaka. Nikishindwa, avae Mama Kulwa. Mama, huyohuyo wa karanga! Kitambaa bado kinanukia sabuni yako. Sikuwa tayari kinukie mtu mwingine.

Jumapili tukafika kile kimya cha baada ya komunyo, ulichokilinda kama mboni ya jicho. Mzee Masanja, aliyekuwa Ulyankulu kwa mwanawe tangu kabla hujaugua, akaanza rozari kwa sauti. Masikio yake unayajua. Nikamwendea, nikakwama. Nitamwambiaje mtu wa umri wa babu anyamaze kabla sijamwamkia? Na wewe ulipiga marufuku shikamoo mbele ya tabernakulo. Nikainama, nikanong'ona, "Shikamoo." Hakusikia. Nikaongeza sauti. Wapi! Ya tatu ilifika hadi kwenye kwaya.

"Marahaba!" benchi zima la wazee likaitikia. Hata paroko midomo ilimcheza.

Mzee Masanja akanitambua, akafurahi. "Kumbe ni wewe! Mama hajambo?"

Hapo kanisa likanyamaza, Mama. Kimya ulichokihangaikia maisha yako yote. Mama Kulwa alimeza karanga nzimanzima. Wote wakanisubiri nimwambie kuwa tumekuzika. Nikasema, "Hajambo." Kisha nikalia palepale, kwa sauti, na kitambaa chako begani.

"Basi msalimie," akasema mzee, macho tayari yako kwenye shanga, akarudia rozari yake, kwa sauti ileile.

Baada ya misa nilianza kukivua kitambaa. Mama Kulwa akanishika mkono, akanirekebishia begani, akaondoka.

Mzee Masanja anakusalimia. Kesho nitakwenda kwake nimweleze, naahidi. Lala salama, Mama. Leo niachie tu: katika Tabora nzima yuko mtu mmoja ambaye kwake wewe bado hujambo.

Mwanao,
Kabula