Ukuta Usiovuja

Kimara, Dar es Salaam

Mpendwa mdogo wangu Bupe,

Ugonile. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yako yamepata nafuu kwa kuwa baridi ya Tukuyu imepungua. Huku sote tu wazima. Mwanao Tusajigwe amepona vizuri baada ya kujifungua, na mjukuu wako ananyonya kama mtu aliyezaliwa na njaa ya wawili. Najua umenuna na simu zetu hupokei, ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikata kabla sijamaliza.

Kwanza pokea habari njema: tumeshinda.

Unajua kwamba baada ya kustaafu ualimu wa chuo nilikataa kukaa bure, nikaenda kusaidia maabara moja kule Kinondoni. Tunachunguza dawa mpya ya malaria. Swali letu ni hili: mama mjamzito akiimeza, je, itavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto? Huwezi kumjaribia mjamzito kitu usichokijua. Kwa hiyo tunachukua seli za kondo lililokwisha kazi yake, tunazilisha na kuzitunza katika joto la mwili, nazo zinaota na kushikana kama ukuta. Zinaota juu ya utando mwembamba ulio kitako cha kikombe kidogo. Juu ya utando ni upande wa mama, chini ni upande wa mtoto. Unaweka dawa juu, kisha unapima kilichofika chini.

Tabu ilikuwa ukuta wenyewe. Kabla ya dawa huwa tunaweka rangi ya njano juu. Ikionekana chini, ukuta una matundu. Mwaka mzima rangi ilishuka. Ansbert, mkuu wa maabara, aliniambia eti Mwalimu, huu wako si ukuta, ni chujio la chai. Nikamjibu kwamba hata chujio lina kazi yake, aniache. Lakini moyoni niliogopa. Wafadhili walikuwa wamechoka, na kazi ikifungwa, boksi la dawa hiyo litaandikwa maneno yale yale tuliyoyazoea: wajawazito wasitumie.

Asubuhi moja, nikitazama kwenye hadubini, niliona seli zimeota vizuri ila zimeacha mapengo, sawasawa na shamba la mahindi lililofukuliwa mbegu na ndege. Nikajiuliza, kwa baba tulikuwa tukifanyaje? Hatukung'oa shamba, tulirudishia mbegu. Basi nikapanda seli, nikasubiri zishike, nikarudishia nyingine juu yake. Ansbert akasema sasa naleta kilimo cha Tukuyu maabara. Tulipoweka rangi, maji ya chini yalibaki meupe kama ya mvua. Ansbert alipima upya, halafu akapiga kigelegele, mwanaume mzima!

Ndipo tukajaribu dawa. Ile ya zamani tunayojua kuwa huvuka, ilivuka, maana yake ukuta ulikuwa hai. Hii mpya karibu yote ilibaki upande wa mama. Safari bado ndefu, kwani kikombe si tumbo, lakini kazi haifungwi tena.

Sasa nije kwenye lililokununisha. Ulisikia kondo la mjukuu wako halikurudi nyumbani kuzikwa, ukaamini limetupwa, ukaapa hutakanyaga Dar. Halikutupwa, Bupe. Seli zilizosimamisha ukuta ule ni zake. Tusajigwe alilitoa kwa hiari, akanikataza kukwambia hadi matokeo yatoke, asije akakupa tumaini la bure. Nilimuuliza mara mbili kama amefikiria mila yetu. Akasema kaka yake malaria ilimchukua akiwa bado tumboni mwako, na kondo lake lilizikwa vizuri sana chini ya mgomba. Hili lake lifanye kazi kwanza, ndipo lizikwe.

Kipande kilichobaki kipo kwenye friza, na mwanao amekwisha kuomba arudishiwe. Mgomba nimeupanda nyuma ya nyumba yangu. Shimo hatujachimba, kwani kwetu anayechimba ni bibi.

Njoo na jembe lako.

Wasalimie shemeji na majirani wote wa kilimani, na umwambie shemeji akupeleke stendi mapema. Ndaga fijo, asante sana.

Ni mimi dada yako,
Atuganile