Ufunguo wa Mandrin

Alhamisi, 3 Novemba 2022
Mama Philomène, mwenye karakana, ameleta mtu atelier. Hategekimana, wa Kalengera. Huko alikuwa na tour, mashine yake mwenyewe ya kuchonga vyuma, mpaka vita vikamfukuza. Sasa analala kambi ya Kanyaruchinya chini ya turubai la bâche, na mke na watoto wanne. Namhurumia. Kweli. Lakini hapa kwetu tour ni moja, na kwa miaka kumi na tisa imekuwa mikononi mwangu.

Jumatatu, 7 Novemba
Nimemwona akifanya kazi. Afadhali nisingemwona! Kuweka chuma katikati ya mandrin, kishikio cha tour chenye meno manne, mimi natumia nusu saa: legeza jino hili, kaza la upande wa pili, tazama mshale wa komparateri ya kupimia, tukana, rudia. Yeye anashika kipande cha chaki tu. Anazungusha kwa mkono polepole, chaki inagusa upande uliotokeza, anakaza kidogo — basi. Dakika tano! Nikaweka komparateri yangu nimpime. Mshale haukutikisika. Nikaugonga kwa kidole, labda umekwama. Haukukwama.
Mama Philomène akapiga makofi. Mimi hajanipigia hata siku moja.
Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nani alisema? Mimi naumwa.

Alhamisi, 10 Novemba
Wameleta shafti ya pompe, ile inayopandisha maji ya wakimbizi kule Kanyaruchinya. Mahali pa rulma, beringi yake, palilika, wamepajaza kwa kuchomelea soudure, sasa pachongwe upya. Shafti isipokaa katikati kabisa, pompe itatetemeka mpaka ife. Kazi ya fundi hasa. Mama akampa yeye. Mbele yangu! "Papa Bulonza, weye utamusaidia kushika taa."
Kushika taa!
Wivu, ndiyo. Naandika neno lenyewe, hakuna anayesoma hapa.

Ijumaa, 11 Novemba
Nimefanya ubaya.
Saa sita courant ya umeme ilikatika, wote wakaenda kula. Shafti ilikuwa imeshakaa katikati. Nikachukua ufunguo wa mandrin, nikalegeza jino moja kidogo, nikakaza la upande wa pili. Nilitaka tu mshale umwaibishe mbele ya Mama. Nikasikia ndala za Hategekimana mlangoni — nikatoka kwa nyuma. Na ufunguo nikauacha ndani ya mandrin!
Kila fundi wa tour anajua: ukiwasha na ufunguo umo, unaruka kama risasi. Marehemu mume wa Mama, Papa Aubin, alipoteza jicho hivyo. Akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: ANAYEACHA UFUNGUO ANARUDI KWAO SIKU HIYOHIYO.
Nilikumbuka nikiwa na fufu mdomoni. Nikakimbia. Courant ilikuwa imerudi. Hategekimana amesimama pale, Mama nyuma yake. Lakini yeye huwa hawashi kabla ya kuzungusha kwa mkono mara moja. Akazungusha. Ufunguo ukagonga chuma — ngo!
Mama akauliza ni nani. Mimi nikashika taa yangu.
Hategekimana akautazama ufunguo. "Njo mimi, mama. Mimi njo nilitumika nayo wa mwisho. Kichwa yangu ilibakia Kalengera."
Anaamini! Siku nyingi hajalala vizuri, amejisadikisha kwamba ni yeye. Mama alilia, lakini maneno ya ukutani ni ya marehemu. Akamrudisha kambini.
Mlangoni akanishika mkono. "Unisamehe, Papa Bulonza. Weye wa kushika taa, ningekuua."
Nikamwambia haidhuru. Nilimwambia hivyo!

Jumamosi, 12 Novemba
Niko na shafti tangu asubuhi. Legeza, kaza. Nimejaribu hata chaki yake. Mshale hautulii. Watu wa pompe wanakuja Jumatatu. Mama akauliza kama nitaweza. Nikasema naenda kutafuta chaki nyingine, nikapanda pikipiki mpaka Kanyaruchinya.
Naandika nikiwa nimekaa juu ya bidon, dumu la maji, mbele ya bâche yao. Mke wake, Mahoro, anasema bwana yuko kwenye foleni ya maji tangu alfajiri, robinet za bomba zimekauka. Amenipa kiazi. Nimekila, sijui kwa nini.
Ufunguo uko mfukoni. Nimepanga maneno ya kukiri mara tatu.
Namwona anakuja. Bidon yake inaning'inia kidoleni, tupu. Ameniona. Anacheka, ananipungia mkono — anafikiri nimekuja kumsamehe.